Tupeane uzoefu: navi yenye TV kwenye gari la Japani, yako inakusaidia nini?

Kishale Baharini (mwanzisha mada)

Habari wakuu. Nina Noah niliyoitoa bandarini mwaka jana. Katikati ya dashibodi kuna skrini ya inchi saba, navi (ile ramani ya kukuonyesha njia) na TV humo humo. Kwenye picha za muuzaji nilijiona nimelamba dume.

Siku ya kwanza nawasha, ramani ikafunguka Yokohama, gatini kabisa, pale pale gari lilipopandia meli. Nikatoka Mbezi kwenda Posta. Kishale nacho kikaondoka. Nikikata kushoto kinakata kushoto, nikisimama taa za Magomeni kinasimama, ila chenyewe kinaelekea majini. Mpaka nafika Posta, mwenzangu yuko ndani ya Ghuba ya Tokyo. Mtoto nyuma ananiuliza, "Baba, tunazama?"

TV ni kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi ya Kijapani. Aliyewahi kuishi na kitu hiki aje hapa. Bei za mafundi sitaki, nataka yaliyowakuta.

Fundi Waya

Mkuu, antena yako ya GPS imechomoka au imekatwa. Hizi navi zina akili mbili. Moja ni ya setilaiti. Nyingine ni waya wa spidi unaotoka kwenye gari, na jairo, kihisi cha kujua gari linakata wapi, iliyomo ndani ya kifaa, ili ukiingia kwenye handaki isikupoteze. Yako haioni setilaiti, kwa hiyo imebaki kuhesabu mizunguko ya tairi kuanzia pale ilipokumbuka mara ya mwisho. Ukiirudishia antena itajua kabisa kwamba uko Dar, ila ramani ya Dar haina, kwa hiyo kishale kitakaa juu ya karatasi tupu. Setilaiti ni zile zile dunia nzima. Kilichofungwa ni ramani.

Kuhusu TV, usimpe mtu hata mia. Japani wanatumia mfumo wao wa dijitali, ISDB-T, na analojia waliizima Julai 2011. Gari la zamani linatafuta analojia ambayo haipo tena, na jipya linatafuta mfumo usiorushwa hapa kwetu. Akija mtu kukwambia ataiset, mwangalie mikono.

Mama Pacha

Yangu ni IST, niko Mwanza. Mimi nianze na yule dada wa Kijapani. Kila nikiwasha gari: "ETC kaado ga sonyuu sarete imasen." Pacha wangu walijua kulisema hilo kabla ya shikamoo. Mwaka mzima nilidhani ni dua ya safari. Kumbe analalamika kwamba kadi ya ETC haijawekwa, ile ya kulipia barabara za kulipia za kwao! Nilipomwambia fundi amchomoe, watoto walilia kama kaondoka shangazi.

Balaa lenyewe lilikuja betri ilipokufa. Fundi akabadilisha kwa dakika tano, tukawasha, skrini nzima Kijapani, inadai namba. Redio hakuna, kamera ya nyuma hakuna, CD ya kwaya imo ndani na haitoki. Ni kinga ya wizi, ukiichomoa kwenye umeme inadhani imeibwa. Wiki tatu narudi nyuma huku nimetoa kichwa dirishani. Mwishowe kijana mmoja akaipiga picha ile namba iliyoandikwa ERC, akaondoka, kesho yake akarudi na namba ya kufungulia. Kitu cha kwanza kutoka ilikuwa CD.

Fundi Waya

Dada, siku nyingine unga betri ya pili kwa waya za jampa kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ndipo utoe ya zamani. Umeme usikatike hata sekunde. Na ule wa chanya usiguse bodi ya gari, utaona moto.

Mie wa Likoni

Hamjambo nyote. Mie nilichoka na kioo cheusi, nikafungisha king'amuzi cha gari cha DVB-T2, mfumo wa dijitali unaorushwa huku kwetu, na antena mbili za kubandika kiooni. Ukisimama, picha ni safi hata utataka kuilamba. Ukikimbia themanini inaganda, msomaji habari abaki kinywa wazi toka Likoni hadi Ukunda.

Lakini skrini za Kijapani zina adabu zao. Picha hazikupi mpaka uvute handbreki. Gari likitembea wapata sauti tu. Fundi wa mtaani akauchukua ule waya wa handbreki, akaubana kwenye bodi, basi skrini ikaamini gari limeegeshwa milele. Nikamshukuru na nikamlipa.

Ikawa jioni ya mechi, nimo kwenye foleni ya feri, natambaa hatua kwa hatua. Penalti. Mpigaji akaja mbio, moja, mbili, tatu, mguu juu, picha ikaganda. Nami nimeukodolea mguu ule, sioni kwamba waliokuwa mbele wamesimama. Nikalipiga tuktuk kwa nyuma. Akashuka mama mmoja na ndoo ya samaki, nusu yao wako chini. Akaja hadi dirishani kwangu, akachungulia ndani. Nikajua leo natukanwa na ukoo wangu wote. Akauliza, "Liliingia?"

Samaki nililipa. Waya niliurudisha mahali pake kesho yake asubuhi.

Kishale Baharini

@Mie wa Likoni sasa na sisi tuambie, liliingia?

Mie wa Likoni

Picha iliporudi walikuwa wanatangaza sabuni.

Tunduma Usiku

Fundi, nisaidie hili. Nilikwenda Botswana na Surf yenye navi na TV. Nilikuwa nimesoma kwamba Botswana ndiyo nchi ya kwanza Afrika kuchukua mfumo wa TV wa Kijapani, mwaka 2013. Nikasema basi, hii skrini itapata riziki yake huko. Nimevuka daraja la Kazungula, nimeegesha Kasane chini ya mti, natafuta chaneli nusu saa nzima. Namba zinapanda, zinafika mwisho, zinaanza upya. Sikupata hata chenga.

Fundi Waya

Uliyosoma ni kweli. Ila Japani chaneli moja ina upana wa megahezi 6, Botswana wakatumia 8. Lugha ni ile ile, mlango ni mwingine. Redio yako ilikuwa inagonga ukutani.

Chenga Tupu

Mimi yangu haikutoka Japani. Mwaka 2011 nilinunua Kariakoo kile kidude cha Kichina cha kubandika kwenye kioo cha mbele, GPS pamoja na TV ya analojia, kina antena ya kuvuta kama redio ya bibi. TV ilishika, nisiseme uongo. Nikawa mtu mkubwa kijiweni. Usiku wa 31 Desemba 2012 analojia ikazimwa Dar, na mwaka mpya wangu ukaanza na mvua ya chenga.

Ramani yake ilizijua barabara kubwa tu. Ukiingia Tandale inakuamuru ugeuze gari, kila baada ya nyumba tatu. Siku hizi natumia simu, naishusha ramani ya OpenStreetMap, ile ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, nikiwa nyumbani, na barabarani situmii bando. Tandale imo mpaka vichochoro na mitaro, kwa sababu kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa UDSM waliizungukia mitaa ya Dar kwa miguu katika mradi wa Ramani Huria. Mtu aliyetembea uchochoro ndiye anayejua kama Noah inapita.

Kishale Baharini

Wakuu, mrejesho. Nimefungua dashibodi na antena ilikuwa imechomoka kweli. Nimeichomeka, kishale kimetoka baharini, sasa kiko katikati ya karatasi nyeupe kama alivyosema Fundi. Mwanangu anasema tumepotea zaidi. Jumamosi nang'oa yote, naweka ya Android.

Mjukuu wa Pangani

Mkuu, kabla hujang'oa, itazame saa yake.

Babu yangu ana Premio. Ramani ilishakufa, TV haijawahi kuwaka, na bado hataki mtu aiguse. Saa ya navi inajisahihisha yenyewe kwa setilaiti, na imeng'ang'ania saa za Japani, ambao wametutangulia saa sita kamili. Sasa piga hesabu. Kwetu saa moja asubuhi, kwao ni saa saba mchana, skrini inasoma 1:00. Kwetu saa sita mchana, inasoma 6:00. Babu anaisoma kama ilivyo, hajumlishi wala hatoi.

Mjomba alikuja likizo, akaona saa "imekosea", akakaa humo ndani na mwongozo wa Kijapani anataka kuirekebisha. Babu akamwomba funguo za gari, akaziweka mfukoni mwa kanzu, na safari ya Tanga mjini ile wiki mjomba alipanda daladala.