Daraja (yaani hadhi) la barabara huamuliwa na nini: mmiliki, idadi ya magari au kasi?

kifusi_kokoto

Wakuu, naomba mnisaidie kufungua fundo hili. Kuna barabara ya changarawe ya kilomita 38, inaunganisha barabara kuu mbili, na kilomita 3 za katikati zinapita ndani ya mji mdogo wenye maduka pande zote. Hesabu imetoa magari 1,400 kwa siku, pande zote mbili, na 300 kati yake ni malori mazito. Inatakiwa kuwekwa lami.

Mmoja anasema ni ya daraja la chini kwa sababu inamilikiwa na mamlaka ya chini. Mwingine anasema kwa magari hayo lazima ipandishwe. Msanifu yeye ameanza na kasi ya 80 km/h. Kipi kinatangulia? Pia kona kali kuliko zote ina nusukipenyo cha mita 150, na kuna wanaotaka ibaki hivyohivyo kuokoa gharama.

kona_kali

Mnabishana juu ya vitu vitatu mkiviita jina moja. (Na neno "daraja" lenyewe halisaidii, nusu ya wasikilizaji wanawaza mto.)

Kuna daraja la umiliki, linalosema nani analipia matengenezo. Kuna daraja la kazi, linalosema barabara ipo kwa ajili ya nini. Na kuna daraja la viwango, yaani upana, kona, vilima. La kazi ndilo litangulie. Kila barabara iko mahali fulani kati ya kupitisha safari ndefu na kumfikisha mtu mlangoni kwake. Kadiri inavyoruhusu mageti na vichochoro kuingia, ndivyo inavyopoteza uwezo wa kupitisha magari kwa kasi salama. Ya kwako inakusanya magari na kuyafikisha kwenye barabara kuu, kwa hiyo nje ya mji kazi yake ni kupitisha. Kazi ikishajulikana, pamoja na sura ya ardhi, ndipo unachagua kasi ya usanifu. Idadi ya magari inaingia baadaye, kuamua upana na unene wa tabaka. Umiliki hauamui chochote cha kihandisi.

Sasa hiyo kona. Kanuni ya nusukipenyo kidogo kinachoruhusiwa ni: kasi kwa km/h ikizidishwa yenyewe, ugawe kwa 127 mara jumla ya mwinamo na msuguano. Kwa 80 km/h, ukingo wa nje ukiinuliwa asilimia 6 na msuguano wa 0.14, unapata 6,400 ÷ (127 × 0.20) = mita 252. Ukiacha mita 150, gari linalokwenda 80 linahitaji msuguano wa karibu 0.28, mara mbili ya unaoruhusiwa. Gari dogo kwenye lami kavu litapita. Lori lenye mzigo uliopanda juu sana linaweza kulala ubavu kabla hata ya matairi kuteleza.

Na msijidanganye kwamba kona haijawahi kuleta shida. Kwenye changarawe hakuna aliyekuwa akiiingia kwa 80. Lami ndiyo inaleta kasi.

tabaka_la_chini

Nakubaliana na hapo juu, ila kwenye unene "idadi ya magari" peke yake inapotosha. Kinachokula barabara ni uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu). Majaribio ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani) kule Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya kulinganishia ni ya tani 8.16. Ikibeba tani 13, huharibu kama ekseli 6.4 za kawaida. Ekseli ya gari dogo ya nusu tani ni kama haipo, unahitaji zaidi ya 70,000 kuilingana na moja ya kawaida. Kwa hiyo yale magari 1,100 yasiyo malori mazito, yakiwa mengi ni madogo, karibu uyafute kwenye hesabu ya unene.

Tuseme malori 150 kila upande, kila moja sawa na ekseli 2.5 za kawaida. Hiyo ni 375 kwa siku. Ukuaji asilimia 5 kwa mwaka, miaka 15: 365 × 375 × 21.58 (kizidisho cha miaka 15 pamoja na ukuaji), unafika kama ekseli za kawaida milioni 3. Lakini mzani ukionyesha kwamba kila lori ni sawa na ekseli 5, unakwenda karibu milioni 6, na tabaka zinabadilika. Pimeni uzito, msikadirie kwa macho.

Kosa jingine ni kuchukua wastani wa pande mbili. Mara nyingi malori hushuka na mzigo na kurudi matupu. Sanifu kwa upande uliobeba, vinginevyo njia moja itakuwa na mifereji ya magurudumu wakati nyingine bado mpya.

Kuhusu udongo wa chini: sampuli zishindiliwe, zilowekwe siku 4, ndipo zipimwe CBR (kipimo cha uimara wa udongo, namba ndogo ni udongo dhaifu). Msitoe wastani mmoja kwa kilomita zote 38. Ukichanganya kipande cha CBR 3 na cha CBR 15 ukasema "tuna 9", umejenga kwa hasara penye 15 na umejenga kaburi penye 3. Gaweni barabara vipande kwa aina ya udongo.

mtaro_mkavu

Unene wote huo ni kazi bure maji yakiingia. Barabara ya changarawe iliyolimwa na greda miaka mingi huwa imezama chini ya ardhi ya pembeni. Ukiweka lami humo umetengeneza beseni. Kilele cha barabara kiwe angalau sentimita 75 juu ya sakafu ya mtaro. Mteremko wa pembeni kwa lami ni asilimia 2.5 inatosha. Ule wa 4 hadi 6 ni wa changarawe, usiuhamishe kama ulivyo.

Mabega yafunikwe pia. Bega la udongo hunyonya mvua, na unyevu huingia chini ya lami takriban mita moja kutoka ukingoni, palepale gurudumu la nje la lori linapopita. Ndiyo maana nyufa huanzia pembeni. Kalavati nazo, mabomba ya milimita 600 yanapitisha maji vizuri kwenye karatasi, lakini mtu hawezi kuingia kuzibua. Weka 900.

njia_panda

Hizo kilomita 3 za mjini zisifuate 80. Ni barabara nyingine kabisa yenye namba ileile. Kwa 80 km/h gari linahitaji mita 130 kusimama, kwa 50 ni 65. Hakuna mtaa wa maduka unaokupa mita 130 za kuona mtoto anavuka.

Bango la 50 peke yake halishushi mtu kasi kama barabara bado ni pana na imenyooka. Punguza upana wa njia, weka njia za miguu zilizoinuliwa, na kipilefti mlangoni mwa mji kila upande. Kipilefti cha njia moja kina sehemu 8 za magari kugongana, njia panda ya kawaida ya pande nne ina 32, na juu ya hapo kinamlazimisha dereva apunguze.

Barabara ya kuuzunguka mji ifikirieni tu baada ya kuwasimamisha madereva na kuwauliza watokako na waendako. Kama wengi wanaishia mjini, mchepuko hautawaondoa. Na ukijengwa bila kuzuia mageti, maduka yatauhamia.

kifusi_kokoto

Asanteni sana. Swali la mwisho: fedha za kunyoosha kona zikikosekana kabisa?

kona_kali

Basi usimruhusu dereva aifikie kwa 80. Hatari kubwa ni kona kali mwisho wa mstari mrefu ulionyooka. Tofauti ya kasi kati ya kipande na kinachofuata ikizidi 20 km/h, ajali zinajipanga. Weka kabla yake kona pana kidogo, ya mita 200 hivi, pande zote mbili, imshushe hadi 70 kwanza. Kisha kona yenyewe iandikiwe 60, na vibao vya mishale kwenye ukingo wa nje vinavyoonekana usiku.

Halafu kata ukingo wa ardhi upande wa ndani wa kona, dereva aone mbele. Kwa 60 km/h anahitaji kuona mita 85 mbele, na kwenye nusukipenyo cha mita 150 hiyo inadai uwazi wa mita 6 kutoka katikati ya njia ya ndani. Kichaka kimoja kinatosha kuuziba, kwa hiyo ufyekaji uingie kwenye mkataba wa matengenezo. Pia panua lami kidogo upande wa ndani, maana magurudumu ya nyuma ya lori refu hukata kona kuliko ya mbele na yatakula bega.