Kipindi cha dini: mwanangu anamwagilia maua, nifanyeje?

MamaTausi_Kihonda:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaojua, siyo wa kuja kurushiana maneno ya udini hapa.

Nina mtoto darasa la nne, shule ya msingi ya serikali hapa Kihonda, Morogoro. Jumatano wana kipindi cha dini. Wakristo wanaingia darasani, katekista anakuja na pikipiki yake, wanaimba mpaka sisi wa gengeni tunasikia. Waislamu hawana mwalimu tangu ustadh wao ahamie Ifakara. Wanapewa ndoo, wanamwagilia maua mbele ya ofisi. Mwanangu anajua majina ya maua yote, Suratul-Asr bado inampiga chenga.

Baba yake anasema madrasa ya jioni inatosha. Haitoshi. Akitoka shule anaingia tuisheni, akifika madrasa anasinzia juu ya juzuu.

Nilimwendea mwalimu mkuu, akanipokea vizuri tu: "Mama, kipindi ninacho, mwalimu sina." Tukasema wazazi tuchange mia tano mia tano, akaruka, michango hataki kuisikia, elimu ni bila ada. Serikali inaajiri mwalimu wa Hisabati, kwa nini wa dini isiajiri?

MstaafuWaChaki:
Dada, ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi yetu haina dini, na ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo shule inatoa muda na chumba, dini yenyewe inaleta mwalimu. Tangu serikali ichukue shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969, watoto wa dini zote wako dawati moja, na huo ndio utaratibu uliobaki.

Nendeni msikitini au BAKWATA kata, yaani baraza la Waislamu, waandike barua ya kumtambulisha mwalimu kwa mkuu wa shule na kamati. Posho yake imalizwe huko huko msikitini, isiguse shule, na mwalimu mkuu atalala usingizi.

Kijana_Huru:
Futeni hicho kipindi. Historia ya Tanzania na Maadili ipo, inatosha. Dini nyumbani.

Ustadh_wa_Baiskeli:
Kijana, hujawahi kukaa na watoto wa darasa la sita ukawasikia wanavyouliza maswali ya kifo mwenzao akifariki. Somo la maadili halina jibu hapo.

Dada Mama Tausi, mimi ndiye huyo mwalimu mnayemtafuta, ila niko Dakawa. Nitasema kinachoniuma. Nafundisha chini ya mwembe, darasa la tatu na la saba pamoja, kitabu kimoja, ninacho mimi. Mvua ikinyesha tunaahirisha. Nauli yangu, chaki yangu. Yule katekista kanisa linamwekea mafuta na kumpeleka semina. Kwetu tumechangisha miaka kadhaa kumalizia mnara, mnara umekwisha na umependeza, watoto hawana mwalimu. Halafu tukikutana kwenye vikao tunailaumu serikali! Imamu mmoja aliniambia nifundishe kwa thawabu. Sawa, thawabu naitaka, na watoto wangu wanataka uji.

Nendeni kwa kamati ya msikiti na hesabu mkononi: nauli ya wiki, vitabu vingapi. Msiende na malalamiko matupu, mtapewa dua mrudi nyumbani.

Mjomba_Likoni:
Huku Kenya CRE (dini ya Kikristo) na IRE (dini ya Kiislamu) ni masomo kamili, mwalimu analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Msidhani tumepona. Shule nyingi za bara hazina mwalimu wa IRE. Mpwa wangu alisoma Machakos, Mwislamu mtupu, akafanya CRE kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, akapata A-. Nyanyake hadi leo hajui afurahi ama alie.

Kijana_Huru:
Hahaha, huyo mpwa wako Mtume Paulo anamjua kuliko Wakristo. Lakini hamjanijibu: mtoto ambaye wazazi wake hawataki kipindi chochote, naye apewe ndoo?

MstaafuWaChaki:
Mzazi aandike barua, mtoto akae maktaba. Kama maktaba ipo. Shule nilizopita mimi, kabati la vitabu lilikuwa ofisini na ufunguo wa mkuu.

MamaTausi_Kihonda:
Mwalimu, shikamoo, na asante. Ustadh, hilo la mnara limenigusa, wetu hapa umebakiza rangi. Ijumaa baada ya swala nitaingia na kina mama wenzangu, hesabu tumeandika kwenye daftari. Kutoka Dakawa mpaka hapa unaweza Alhamisi? Mwalimu mkuu akikubali kusogeza kipindi.

Ustadh_wa_Baiskeli:
Alhamisi asubuhi naweza. Kwa basi lakini, siyo baiskeli.