Programu ya kufuatilia mashine pepe inalia mchana kutwa, usiku storeji inajaa ikakaa kimya. Tumepigwa!

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa hasira, mods msiuhamishie jukwaa la vichekesho. Anayetaka lugha laini apite tu, sina leo.

Niko kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi ndogo ya mikopo huku Kanda ya Ziwa. Tuna seva tatu zinazoendesha ESXi (programu ya VMware inayogawa seva moja iwe kompyuta nyingi za ndani kwa ndani, ndizo mashine pepe), storeji moja ya pamoja, na juu yake mashine pepe kama arobaini: mfumo wa mikopo, hifadhidata, mafaili, na vikorokoro ambavyo kila idara inavyo na hakuna anayekubali vizimwe. Kitengo ni watu wawili, na mwenzangu ndiye anayeitwa pia printa ikikwama. Kwa hiyo wazo la kununua programu ya kufuatilia mitambo sikulipinga hata siku moja. Ninachopinga ni hiki tulichouziwa.

Jina la kampuni silitaji, wala la wakala wao wa Dar. Mkataba bado uko hai na wanasheria wao wako makini kuliko mafundi wao. Walioitumia wataijua kwa maelezo.

Wakubwa walialikwa hotelini, wakanywa chai na sambusa, wakaonyeshwa dashibodi kwenye kioo kikubwa: mizunguko ya kijani, namba ya "afya" ya klasta (yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), mshale wa kutabiri storeji itajaa lini. Sisi wa kitengo hatukualikwa. Tuliletewa proforma ya dola na agizo kwamba fundi wao anakuja Jumatatu.

Tangu siku hiyo kitu kinalia. Mashine ya SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, imetumia kumbukumbu (RAM) asilimia 95: nyekundu. Jamani, SQL Server ndivyo ilivyo! Ukiiachia bila kikomo inachukua kumbukumbu yote inayoiona na kuishikilia, huo si ugonjwa. Programu inayojiita bingwa wa mashine pepe hailijui hilo? Bakapu ya usiku ikianza, diski zinachelewa kidogo: nyekundu. Bakapu ikiisha, inakuja barua pepe nyingine kutangaza kwamba nyekundu imekwisha. Kuna mashine ya majaribio tuliyoizima kwa makusudi, na kila asubuhi naambiwa "haipatikani". Haipatikani kwa sababu nimeizima! Ni kama kengele za magari pale Kariakoo, zinalia mpaka hakuna anayegeuza shingo.

Kuna kichekesho kingine. Ukurasa wa Utendaji unaniambia mashine ya mfumo wa mikopo ina njaa ya prosesa, niiongezee kutoka 4 hadi 8. Ukurasa wa Akiba, programu ile ile, mashine ile ile, siku ile ile, unaniambia prosesa zimezidi, nipunguze zibaki 2. Nifuate upi? Sababu naijua, wao ndio hawataki kuisema. Ukurasa mmoja unasoma muda ambao mashine inasubiri foleni ya prosesa, mwingine unasoma matumizi peke yake. Mashine iliyoko kwenye foleni haitumii prosesa, basi matumizi yake yanaonekana madogo na inaambiwa ina ziada. Na ukiiongezea prosesa pepe wakati seva yenyewe imeshaelemewa, foleni inazidi.

Kwa wasiojua, hesabu yenyewe si ngumu. vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva zote, inapima kila sekunde 20. Ikikuonyesha milisekunde 2,000 za kusubiri kwa prosesa pepe moja, maana yake asilimia 10 ya muda ule prosesa hiyo ilikuwa na kazi mkononi lakini imesimama mlangoni. Watumiaji wanaanza kupiga simu "mfumo mzito leo", wewe unafungua dashibodi unakuta matumizi asilimia 35 na rangi ya kijani. Takwimu ya foleni ipo, ila wameificha kwenye menyu ndani ya menyu, halafu kwa milisekunde tupu bila kuigeuza asilimia.

Sasa usiku wenyewe.

Mwisho wa mwezi, mfumo unakokotoa riba. Siku kadhaa nyuma programu ya bakapu ilikuwa imepiga snapshoti ya hifadhidata (yaani kuigandisha hali ya diski ya wakati ule), ikamaliza kazi yake, ikashindwa kuiondoa. Mnaojua mnajua: snapshoti ikibaki, kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye faili la pembeni, nalo linakua tu. VMware wenyewe wanashauri snapshoti isikae zaidi ya saa 72. Juu ya hapo, storeji yetu imegawiwa kwa ahadi, yaani jumla ya nafasi zilizoahidiwa mashine ni kubwa kuliko nafasi iliyopo, kwa sababu haziitumii zote kwa mpigo. Ni utaratibu wa kawaida dunia nzima, mradi kuna jicho linaloangalia. Jicho ndilo tulilolilipia.

Saa sita usiku na ushei storeji ikajaa pomoni. Mashine zilizotaka kuandika zikasimama moja baada ya nyingine, zikingoja mtu aje aamue ziendelee au zizimwe. Na programu ya ufuatiliaji? Nayo ni mashine pepe. Fundi wa wakala aliiweka kwenye klasta ile ile, storeji ile ile, kwa kufuata mwongozo wao. Ikaganda pamoja na wagonjwa wake. Hakuna barua pepe, hakuna ujumbe wa simu, hakuna chochote.

Asubuhi wateja wamejaa hadi barazani, makarani wanaangalia kioo. Mama mkurugenzi akashuka mwenyewe mpaka chumba cha seva. "Kijana wangu, si tulinunua kitu cha kutuambia mapema?" Sikuwa na jibu lenye adabu, nikamwambia shikamoo mama, naomba nifanye kazi kwanza.

Na snapshoti huifuti kirahisi storeji ikiwa haina hata pa kugeukia, kwa sababu kuiunganisha na diski yake nako kunaomba nafasi. Ikabidi nitoe mafaili ya kusimikia Windows, nihamishe mashine za majaribio, ndipo nikapata upenyo. Faili la snapshoti lilikuwa limekaribia ukubwa wa diski yenyewe. Kuunganisha kukaenda mpaka mchana, na wakati huo wote simu ya mapokezi haipumui.

Programu ilipoamka, kitu cha kwanza ilichonitumia ni ripoti ya asubuhi: "Afya ya klasta: 92. Hakuna tatizo kubwa." Nilitamani kuing'oa kwa meno.

Nikachimba. Tahadhari ya storeji ilikuwepo! Imewekwa daraja la "Taarifa", rangi ya bluu, daraja ambalo kwa mpangilio wa kiwandani halitumiwi barua pepe. Kumbukumbu ya SQL Server ni nyekundu, storeji kujaa ni bluu. Mtu mzima alikaa ofisini akapanga hivyo. Na ule mshale wa utabiri uliowapendeza wakubwa hotelini ulikuwa unasema nafasi iliyobaki inatosha "zaidi ya mwaka mmoja", kwa sababu unapiga hesabu kwa mwendo wa miezi iliyopita. Snapshoti inayovimba usiku mmoja haimo kwenye mwendo huo.

Jambo la saa nalo lisipite. Seva za ESXi zinaandika kumbukumbu za matukio (logi) kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, hilo linajulikana na halinisumbui. Lakini kazi ya programu ya ufuatiliaji si ni kuyapanga haya yasomeke? Hapana. Grafu inatumia saa za Afrika Mashariki, orodha ya matukio UTC, barua pepe UTC bila kuandika kwamba ni UTC. Tukio la saa tano usiku linasomeka saa mbili usiku. Jaribu kueleza hilo mbele ya mkaguzi wa ndani.

Halafu wastani. Hapa ndipo wizi ulipo kwa maoni yangu, haya mengine ni uzembe. vCenter inatunza vipimo vya sekunde 20 kwa saa moja tu. Baada ya hapo inavisaga: vya siku vinakuwa vya dakika 5, vya wiki dakika 30, vya mwezi saa 2, vya mwaka siku nzima. Ndiyo sababu mtu ananunua programu ya pembeni, itunze kile ambacho vCenter inakisaga. Hii yetu inachukua wastani wa dakika 5 tangu mwanzo. Pigeni hesabu nami. Dakika 5 zina vipimo 15. Kumi na vinne diski inajibu kwa milisekunde 4, kimoja diski inakwama hadi milisekunde 300 na keshia anaona mfumo umeganda. Wastani unatoka kama milisekunde 24. Kiwango chao cha kupiga kengele ni 25. Kijani! Kwa macho ya programu hii keshia anaota.

Nikafungua tiketi. Jibu la kwanza: nitume kumbukumbu za mfumo (logi). Nikatuma. La pili: nisasishe kwenda toleo jipya. Nikasasisha. La tatu, mtu mwingine kabisa, anaomba nitume kumbukumbu za mfumo. Nikampigia wakala. "Kaka, hiyo siyo hitilafu, ndivyo ilivyotengenezwa. Vipimo vya sekunde 20 viko kwenye moduli ya juu, nikuandalie proforma?" Nikamuuliza na kuiweka kwenye storeji ile ile je, nayo ndivyo ilivyotengenezwa? Akasema nje ya klasta inahitaji leseni ya nodi ya pili. Mpaka leo tiketi inasomeka "imetatuliwa".

Jambo ambalo wengi hamlitazami ni akaunti. Fundi alipokuja alidai akaunti ya msimamizi mkuu wa vCenter, yenye mamlaka yote. Ya nini? Kusoma takwimu kunatosha akaunti ya kusoma tu, na mwongozo wao wenyewe unakiri hivyo kwenye kiambatisho huko nyuma. Programu za aina hii zinashika funguo za nyumba nzima. Desemba 2020 ilibainika kwamba masasisho ya Orion, programu ya ufuatiliaji ya SolarWinds, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa nyuma, na hadi wateja 18,000 walikuwa wameyapakua, zikiwemo wizara za Marekani. Hapo tunazungumzia watu wenye idara nzima za usalama. Wewe mwenye watu wawili na printa unagawa nenosiri la msimamizi kwa mtu aliyekuja na begi?

Bei siizungumzii sana maana presha itapanda. Soko zima limegeuka. Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, Desemba hiyo hiyo wakaacha kuuza leseni za kudumu, sasa ni usajili unaohesabiwa kwa kori (vitengo vya kukokotoa vilivyo ndani ya prosesa), na prosesa yenye kori 8 inalipiwa kama ina 16. Hata zana yao ya ufuatiliaji imebadilishwa majina mpaka ukitafuta msaada hujui uandike nini: vRealize Operations, ikawa Aria Operations, sasa VCF Operations. Si hiyo ninayoilalamikia hapa, lakini hawa wetu nao wameona upepo, na proforma ya mwaka huu imehama kutoka bei ya prosesa kwenda bei ya kori. Tunalipia zaidi kelele zile zile.

Nilichofanya kwa sasa: nimechukua kompyuta ya mezani iliyokuwa inakula vumbi stoo, nikaweka Linux na Zabbix, programu huria ya Walatvia, haina ada ya leseni. Iko nje ya klasta, diski yake, UPS yake, na modemu ya laini ya simu ya kutumia ikiwa mtandao wa ofisi umelala. Inasoma vCenter kwa akaunti ya kusoma tu. Nimeipa kazi chache: nafasi ya storeji, ukubwa na umri wa snapshoti, foleni ya prosesa, ucheleweshaji wa diski. Arifa ikija siku hizi naamka, kwa sababu najua haiji bure. Si kitu cha mteremko, templeti zake (mipangilio ya arifa inayokuja tayari) nazo zinalia ovyo mpaka uzipunguze kwa mkono, na wakubwa hawapendi sura yake. Lakini wiki hii imenishika mkono juu ya snapshoti iliyoachwa na bakapu, kabla ya chakula cha mchana, huku ile ya dola inaonyesha 94.

NYONGEZA: Naona PM za kuomba jina. Silitoi. Ukialikwa sambusa, muulize muuzaji swali moja tu: storeji ikijaa saa sita usiku, mashine yenu nayo ikiwa juu yake, nani atanipigia? Akianza kufungua slaidi, ondoka.

NYONGEZA 2: Mnaosema nihamie Proxmox, mfumo huria mbadala wa VMware, sikatai, lakini uzi huu ni wa ufuatiliaji. Proxmox ina grafu zake na inaweza kusukuma takwimu nje kwenda InfluxDB au Graphite, programu za kutunza takwimu. Kengele yenye akili bado utaijenga mwenyewe.

NYONGEZA 3: Mkuu aliyeuliza habari ya SQL Server: weka kikomo cha juu cha kumbukumbu ndani ya SQL yenyewe, uiachie Windows gigabaiti kadhaa za kupumua, halafu arifa ya kumbukumbu ya mashine hiyo izime kabisa. Fuatilia foleni ya diski badala yake. Ukikwama weka picha ya kioo hapa hapa, ila ufute kwanza majina ya seva zenu.