Tulilipia matembezi ya familia Menengai, watoto wakaachwa ndani ya kasoko

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi iliyopita watoto wawili wa familia tuliyosafiri nayo, mmoja wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 6, waliachwa chini ya ukingo wa kasoko ya Menengai, yaani lile shimo kubwa la volkeno karibu na Nakuru, jua likielekea kutua, huku gari lililotupeleka likiwa limekwisha kuwashwa tayari kurudi Nakuru mjini. Aliyewapandisha hadi barabarani ni mama mmoja aliyekuwa akirudi kwake na mzigo wa kuni mgongoni. Kampuni iliyoandaa matembezi hayo sitaitaja kwa sasa, kwa sababu shauri letu nayo halijaisha, lakini mambo yenyewe nitayaeleza yalivyokuwa, kwa kuwa najua wapo wazazi wanaolipia safari kama hii kwa ajili ya wikendi ijayo.

Tangazo lilisema ni siku ya familia. Tulilipa shilingi 2,500 kwa mtu mzima na 1,500 kwa mtoto, na katika bei hiyo tuliahidiwa usafiri, kiingilio cha msitu, chakula cha mchana, maji ya kutosha, na kiongozi wa njia aliyepata mafunzo. Niliuliza kwa simu, kabla ya kutuma pesa, kama njia inamfaa mtoto wa miaka 7, nikajibiwa kwamba hata wa miaka 4 huenda. Mume wangu alitaka tuwapeleke watoto makumbusho ya Hyrax Hill badala yake, ambako tayari wanapapenda kwa sababu ya mabao ya kuchezea yaliyochongwa juu ya mwamba, na ambako mtoto akichoka unarudi getini kwa dakika chache. Ni mimi niliyesisitiza Menengai, na jambo hilo linaniuma kuliko pesa.

Tuliambiwa tufike saa moja asubuhi. Gari liliondoka saa nne, kwa sababu lilikuwa likisubiri abiria wajae kama matatu ya stendi. Tulipofika ukingoni, karibu na ule mti wa vibao vinavyoonyesha umbali wa miji ya dunia, ilipita saa nzima ya kupigwa picha za matangazo ya kampuni, watoto wetu wakipangwa na kupanguliwa mbele ya kamera. Safari ya kushuka ilianza saa saba kasorobo, yaani wakati ambao jua limesimama utosini na mtu mwenye busara yuko chini ya mti. Kila mmoja alipewa chupa moja ya nusu lita. Nilipouliza maji mengine yako wapi, kijana aliyekuwa akituongoza aliniambia, “Mama, usijali, ni mwendo mfupi tu.” Nikamwuliza, “Mwanangu, umeshuka hapa mara ngapi?” Akanijibu kwa ukweli, na kwa ukweli huo simlaumu yeye, kwamba hii ilikuwa mara yake ya pili.

Watu wengi wanaochukulia Menengai kama kilima cha kawaida hawajaelewa jambo moja. Ukipanda mlima, taabu huja kwanza: ukichoka katikati, unageuka na kuteremka, na mteremko unakuwa upande wako. Kasoko ni kinyume chake. Ukingo wa Menengai uko kwenye kimo cha mita 2,278 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi sakafuni ni karibu mita 500 za kushuka wima. Kwa hiyo unaanza kwa raha, watoto wanakimbia na kucheka, na deni lote la safari unalilipa mwishoni, wakati miguu imelegea, maji yamekwisha na jua limekwisha kukupiga saa tatu au nne. Mtoto hawezi kulipima deni hilo akiwa juu. Anayetakiwa kulipima ni yule aliyepokea pesa zetu akajiita kiongozi.

Na sakafuni si uwanja wa kuchezea. Ni mawe meusi ya volkeno yaliyoganda kwa makali na nyufa, yanayokata raba na magoti, na mvuke unafuka kutoka ardhini sehemu mbalimbali. Ndiyo maana visima vya nishati ya mvuke vilichimbwa humo. Kivuli ni haba. Katika njia yote tuliyopita sikuona kijito hata kimoja. Kasoko yenyewe ina upana wa takribani kilomita 12 kwa 8, kwa hiyo mtu aliyepotea humo hatafutwi kwa kuita jina lake tu.

Binti yangu alianguka akachanika goti. Hapakuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Nilimfunga kwa leso yangu ya kichwani. Kufikia hapo kundi la watu zaidi ya thelathini lilikuwa limekatika vipande vitatu. Kiongozi wetu wa pekee alikuwa mbele na wenye miguu myepesi, na nyuma hapakuwa na mtu yeyote wa kampuni. Ninalirudia hili kwa sababu ndilo kosa lililozaa mengine yote: hapakuwa na mtu wa mwisho. Hata wanafunzi wa darasa la tatu wakitembezwa kutoka shuleni hadi uwanjani, mwalimu mmoja huwa mbele na mwingine hufunga mstari nyuma.

Tulianza kupanda saa kumi, bila tone la maji. Mume wangu alimbeba binti yetu, nami nikamshika mkono kijana wetu wa miaka 11, ambaye alikuwa ameacha kuzungumza, jambo lililonitisha kuliko kama angelia. Wale watoto wawili walipotea katika hali ambayo mzazi yeyote ataielewa. Baba yao alitangulia akidhani wako na mama yao, na mama yao alibaki nyuma akimkokota nyanya yao aliyeishiwa nguvu, akidhani wamefuatana na baba. Naomba asitokee mtu hapa wa kuwasimanga wazazi hao. Walikuwa wamelipia macho ya ziada, na macho hayo hayakuwepo.

Juu, dereva aliwasha gari na msimamizi wa kampuni akatuhimiza tuingie upesi. Hakuna aliyehesabu. Mama yao alipopiga kelele, ilikuwa imekaribia saa kumi na mbili, na kwetu huku, karibu na ikweta, giza halibishi hodi: jua likishazama, haipiti nusu saa kabla hujaacha kuona unapokanyaga. Msimamizi hakuwa na tochi wala filimbi. Alisimama ukingoni akapiga simu. Wanaume watatu waliokuwa abiria walianza kushuka kuwatafuta, na ndipo yule mama wa kuni alipotokea kichakani akiwa amemshika mdogo mkono, mkubwa akiwafuata nyuma. Alisema aliwakuta wameketi penye njia panda, wakibishana waende kushoto au kulia. Aliwanywesha maji yake. Katika fujo ile ya kulia na kukumbatiana aliondoka, na hatukumwuliza hata jina.

Nilipoandika malalamiko katika kundi la WhatsApp la safari usiku huo, msimamizi alijibu kwamba tulitia saini fomu ya kukubali hatari, na kwamba “Mungu ametulinda, tusiharibu siku nzuri.” Asubuhi nikakuta nimeondolewa kwenye kundi. Mungu ametulinda, naam, na ninamshukuru. Lakini maneno hayo hayawezi kutolewa na mtu aliyelipwa ili atulinde. Katika kaunti hii hii, Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la hifadhi ya Hell's Gate, na mwaka 2019 wageni wakasombwa na maji tena katika korongo hilo hilo. Hatuhitaji kufundishwa upya kwamba mandhari haya yanaua.

Ninachodai kutoka kwao ni hiki. Warudishe pesa za familia zote zilizokuwa na watoto. Wasichukue tena mtoto hata mmoja kushuka kasoko bila kiongozi anayeijua njia, bila mtu wa mwisho, bila angalau lita mbili za maji kwa kila mtu mzima, na bila kuhesabu watu kwa majina ukingoni, sakafuni na garini. Tena waache kuanza mteremko baada ya saa tatu asubuhi; gari likichelewa, basi watu watembee juu ya ukingo, ambako mandhari yanaonekana vizuri zaidi hata hivyo.

Jumatatu saa nne asubuhi mimi na baba wa wale watoto tutakwenda ofisini kwao ana kwa ana, tukiwa na risiti na ile fomu. Kama ulikuwa kwenye gari lile, tafadhali niandikie kwa faragha kabla ya Jumapili jioni. Na kama unaishi upande wa juu karibu na msitu, na unamfahamu mama aliyekutana na watoto wawili Jumamosi hiyo jioni, naomba unisaidie kumpata.