Muuzaji wa pinde wa Kisumu, nirudishie 24,000 zangu

Wakuu, nimejizuia wiki mbili nisiandike hapa, nikiamini huyu mtu atapokea simu. Hapokei, na tangu juzi amenifungia kabisa. Basi acha niseme.

Niko Lanet, Nakuru. Nimetafuta rikavu ya zamani karibu mwaka mzima, ule upinde wa mbao na faibaglasi ambao ncha zake zinajikunja kwenda mbele. Siwindi, uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977 na mimi sina haja nao. Nalenga gunia lililoshindiliwa nyasi nyuma ya nyumba jioni, basi. Tangazo likasema Bear Kodiak, upinde wa kampuni ya Fred Bear ya Marekani, ya miaka ya sitini, nguvu ya kuuvuta pauni 45, haina hata mkwaruzo. Nikatuma pesa kwa Mpesa siku hiyo hiyo. Ni akiba ya miezi mitano.

Upinde ulikuja na matatu, umezungushiwa magazeti. Kufungua tu, nikapigwa na harufu ya vanishi mbichi. Upinde wa miaka sitini unanukaje vanishi ya juzi? Nikasoma maandishi kwenye mkono wa upinde, yaani ile nusu inayopinda: Gainesville, Florida. Jamani, kampuni ya Fred Bear ilikuwa Grayling, Michigan, tangu 1947, ikahamia Gainesville 1978. Hiyo miaka ya sitini ameitoa wapi? Nikampigia, akanijibu, "Boss, ya zamani ni ya zamani tu. Funga ugwe upige."

Umri ningemsamehe. Hata upinde wa miaka ya themanini ukitunzwa unapiga vizuri.

Na huo ugwe wenyewe! Alinitumia ugwe mwembamba wa Dyneema, uzi mgumu wa pinde za kisasa. Upinde wa zamani unataka dakroni, uzi laini wa poliesta, kwa sababu dakroni inavutika kidogo mshale unapotoka na kumeza mshtuko. Dyneema haivutiki, kwa hiyo mshtuko wote unarudi kwenye ncha za mbao ambazo hazikuimarishwa kuubeba. Mtu anauza pinde na hajui hilo? Au anajua, ila pesa ikishaingia shingo ya mtu mwingine si yake? Nikautupa, nikaagiza wa dakroni, nikasubiri siku kumi na moja.

Jumamosi nikafunga ugwe, nikapiga mishale minane bila kuvuta hadi mwisho. Wa tisa nikavuta inchi 28 kamili, kipimo kile kile ambacho hizo pauni 45 zimeandikiwa. Ta! Kibanzi cha faibaglasi kikanichana chini ya jicho. Sentimita mbili juu zaidi, leo ningekuwa na jicho moja.

Nilipouangalia mkono wa chini, upande wa ndani, ubamba wa faibaglasi ulikuwa umebanduka kwenye mbao, ukucha unaingia wote. Na ndani ya ufa kuna mstari wa gundi iliyokauka, ya kijivu, imepakwa na kusuguliwa kwa msasa kisha vanishi juu yake. Ufa haukuanzia kwangu. Mtu aliuona, akaketi chini, akauziba, akapiga picha, akauza.

Nikampelekea mzee jirani yetu, Mwogiek aliyekulia msitu wa Mau, ambaye ametengeneza pinde tangu ujana. Akaushika, akafumba jicho moja, akauchungulia kuanzia nchani kama mtu anavyokagua ubao kama umenyooka. Ncha ya juu imejinyonga kushoto. Akaniambia, "Kijana wangu, huu ulikuja kwako tayari ni mgonjwa." Kisha akaniuliza aliyeniuzia ana watoto. Sikuwa na jibu.

Sitaki ubadilishaji, wala upinde mwingine kutoka mikononi mwake. Nataka 24,000 zangu na nauli ya mzigo. Picha za ufa ninazo, meseji ninazo, na kidonda kingali kibichi.

Leo asubuhi rafiki yangu amenitumia tangazo jipya la huyo huyo, zulia lile lile jekundu nyuma, upinde mwingine "haujaguswa". Mliopo Kisumu, anayeutaka asitume pesa. Nenda mwenyewe, uushike juani, upitishe ukucha pande zote za mikono yote miwili, na uunuse.