Hii tabia ya kubandua stika ya muda kwenye chakula na kubandika mpya ikome, mtaua watu

Wakuu habari za saa hizi. Nimetoka shifti sasa hivi, hata viatu sijavua, hili jambo nisipolisema usingizi hautakuja.

Nafanya kazi jikoni, tunapikia watu wengi, wapi sitaji. Kaunta yetu haina moto chini wala baridi, chakula kikishatolewa kinakaa hivyo hivyo, kwa hiyo ulinzi pekee tulionao ni MUDA. Kinatoka jikoni saa fulani, kinaandikwa, masaa 4 yakiisha kilichobaki kinatupwa. Basi. Hicho kipande cha masking tepu kwenye mfuniko ndo friji yetu, ndo jiko letu la kutunzia moto, ndo kila kitu.

Sasa leo saa 11 na nusu jioni nimeenda kutoa trei la wali, mfuniko una tepu imeandikwa kwa maka pen "saa 8:00 mchana". Nikaona kona imevimba nikaivuta kwa kucha, chini yake kuna tepu nyingine, wino umesambaa kwa mvuke lakini unasomeka, "4:30", na mwandiko ni WANGU. Ule wali niliuepua mimi mwenyewe saa 4 na nusu asubuhi nikautoa ukiwa wa moto kabisa. Piga hesabu, masaa 7! Ilitakiwa saa 8 na nusu mchana uwe umeshatupwa, mtu kaja saa 8 kaona bado mwingi, kabandika tepu mpya kama vile umeepuliwa muda huo, na watu wamepakuliwa mpaka ile dakika nainua trei.

Nimemfuata supavaiza nikamwonyesha tepu zote mbili, ananiambia "huu hauna harufu, onja uone, ukitupwa nani analipa?" Yaani mtu mzima, kiongozi wa shifti, anapima usalama wa chakula kwa pua.

Jamani wali una bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake haziuliwi na kule kuchemsha kwa kawaida, zinavumilia moto wa sufuria alafu wali ukishaanza kupoa polepole zinaamka na kuzaliana, na baadhi ya aina zake zinatoa sumu ya kutapisha ambayo hata uupashe tena uchemke haiondoki. Sawa na ile ya bakteria mwingine, Staphylococcus, anayetoka kwenye mikono na pua zetu sisi tunaopakua, ukipasha unamuua yeye ila sumu aliyoshaitema inabaki palepale. Na hiyo sumu huioni, huisikii kwa harufu wala kwa ulimi. Chakula kilichochacha kinakuonya mwenyewe, hiki hakikuonyi, mtu anakula kizuri kitamu na ndani ya masaa machache anatapika mpaka nyongo. Mtu mzima labda atapona kesho yake, je mtoto mdogo, mjamzito, mzee?

Na masaa 4 hayakuokotwa. Bakteria akipata joto analolipenda anaweza kujigawa kila dakika 20 hivi, mmoja baada ya masaa 2 ni 64, baada ya masaa 4 ni 4,096, baada ya masaa 7 kama ule wali wangu wanapita milioni mbili. Mmoja tu huyo. Nyuzi 5 mpaka 60 za sentigredi ndo eneo lao la kustarehe na kaunta yetu ipo katikati ya eneo hilo siku nzima. Shirika la Afya Duniani wao wanasema hata chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa 2, kwa hiyo hayo manne tayari ni ya mwisho kabisa, na yana masharti. Kwenye Food Code ya Marekani, yaani mwongozo wao wa usalama wa chakula, lazima chakula kianze kikiwa nyuzi 5 kushuka chini au 57 kupanda juu, utaratibu uwe umeandikwa na upo jikoni, na chombo kisicho na alama au kilichopitisha muda KINATUPWA, hakuna habari ya kukirudisha kwenye friji kikaanza moja.

Alafu kuna huyu mwingine kila ukimwambia anakujibu "mbona kuna sheria ya masaa 6". Ipo ndiyo, lakini ni ya chakula cha BARIDI kilichotoka kwenye friji kikiwa nyuzi 5 au chini, na muda wote huo kisivuke nyuzi 21, na hakikisho ni kukipima. Wali wa moto unaingiaje hapo? Na hicho kipimajoto nani alishawahi kukishika hapa kwetu?

Kitu kingine kinaniuma ni namna tunavyoandika hizo saa. Mmoja anaandika "4:30" akimaanisha saa 4 na nusu asubuhi, wa shifti ya mchana anaangalia saa ya simu anadhani ni ile 4:30 ya jioni, yaani saa 10 na nusu, hapo tofauti ni masaa 6 kamili na hakuna aliyekusudia kudanganya. Mie nilishalalamika kwenye kikao, tuandike saa ya KUTUPA badala ya saa ya kutoa, kwa maneno, "TUPA SAA 8 NA NUSU MCHANA", mtu anayepita asihitaji kufanya hesabu ya kujumlisha kichwani akiwa na foleni mbele yake. Hata hiyo Food Code inataka alama ionyeshe muda ule wa mwisho. Nikaambiwa nitachelewesha kazi. Kuandika maneno sita!

Na kumwagia chakula kipya juu ya cha zamani nako kumeshakuwa kawaida, trei limebaki robo wanajazia sufuria mpya juu na tepu mpya, wakati muda unaohesabika ni wa kile cha chini, kile kilichotangulia. Hili nimelisema mpaka mdomo umekauka.

Hasara naielewa, kutupa chakula inauma na mimi ndo niliyekipika. Lakini dawa yake ni kutoa kidogo kidogo, trei nusu nusu, kingine kibaki jikoni kwenye moto, siyo kudanganya saa.

Zile tepu mbili nimezibandika kwenye daftari langu, kesho naenda nazo kwa meneja kabla shifti haijaanza. Wadau mliopo kwenye majiko makubwa, kwenu alama ya muda anaiandika nani, na nani ana ruhusa ya kuibandua? Mwenye utaratibu ulioandikwa na unaofuatwa kweli anipe nikauweke mezani, maana nikienda mikono mitupu najua jibu litakuwa lile lile la "onja uone".