Kusomea unesi kwa haraka Marekani (ABSN): chuo binafsi miezi 12, chuo cha serikali, au koleji miaka miwili?

BintiWaTemeke
Habari za jioni wakuu. Niko Houston. Nyumbani nilisoma digrii ya biashara, hapa nafanya CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee, na nimeamua kusoma mpaka niwe RN (nesi kamili mwenye leseni). Kwa kuwa digrii ninayo, nimeambiwa naweza kuingia ABSN, ile programu ya haraka ya watu waliosoma fani nyingine. Nimebaki na njia tatu. Chuo binafsi: miezi 12, ada kama dola 60,000, wamenikubali kwa masharti. Chuo cha serikali: miezi 15, karibu nusu ya bei hiyo, ila ushindani mkali na dirisha la maombi halifunguliwi mpaka mwakani. Koleji ya jamii: ADN (digrii ndogo ya unesi), miaka miwili, ada ndogo kabisa, BSN (digrii kamili ya unesi) unamalizia baadaye kwa mtandao ukiwa kazini. Chuo binafsi wanataka pesa ya kushika nafasi kabla ya Ijumaa ijayo. Waliopita huko, mngekuwa mimi mngechagua ipi?

Kibosho_TX
Karibu dada, lakini uzi hauna nyama. Una kadi ya kijani au uko kwa viza ya mwanafunzi? GPA yako (wastani wa alama) ikibadilishwa kwa mfumo wa hapa inasoma ngapi? Anatomia na fiziolojia umeshamaliza? Una mtoto? Ukiacha kazi nani analipa kodi ya nyumba? Na hayo "masharti" ni yapi? Usipoyasema, kila mtu atakushauri kwa maisha yake yeye.

NesiWaUsiku
Majibu yakija au yasije, mimi nasema nenda koleji. Mtihani wa leseni ni NCLEX-RN uleule, aliyesoma ADN na aliyesoma BSN wanakaa mbele ya kompyuta moja, maswali 85 hadi 150, saa tano. Ukishapata RN hospitali nyingi zinakulipia hiyo BSN au sehemu yake. Mimi ndivyo nilivyofanya na sina senti ya mkopo. Wodini kwangu wapo wa ABSN wanaolipa deni kila mwezi na tunapokea mshahara sawasawa.

Lowell_254
Hiyo ni Texas, ndugu. Huku kaskazini-mashariki hospitali kubwa zinataka BSN tangu kwenye tangazo la kazi, na mwenye ADN anaishia nyumba za wazee, palepale dada anapotaka kutoka. New York walipitisha sheria mwishoni mwa 2017: nesi anayepata leseni mpya lazima awe na BSN ndani ya miaka 10. Mtu tayari ana digrii, kwa nini arudi nyuma achukue cheti cha chini yake? ABSN imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Amalize mwaka mmoja, aanze kula mshahara wa RN wakati wa koleji bado wanahangaika na muhula wa tatu.

NesiWaUsiku
Yeye hayuko New York. Kasema Houston.

BintiWaTemeke
Samahani wakuu, naongeza. Tulikuja kwa bahati nasibu ya viza, kwa hiyo kadi ya kijani ninayo. WES, wale wanaotathmini vyeti vya nje, wamenipa GPA 3.1. Takwimu na saikolojia nimeshasoma hapa, anatomia sehemu ya kwanza naimaliza muhula huu. Bado anatomia sehemu ya pili na maikrobayolojia, na ndiyo hayo masharti yenyewe: nizimalize kwa alama B kabla ya kuanza. Nina mtoto wa miaka mitatu. Mume wangu anaendesha lori la masafa, anaweza asionekane nyumbani wiki nzima. Mama mkwe yupo nasi kwa sasa ila viza yake ina mwisho.

Dogo_Dallas
Kama una kadi ya kijani usiogope ada. Jaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, utapata Pell Grant, hiyo ni ruzuku, hurudishi. Wengi wamesoma bure hivyo.

Kibosho_TX
Hapana mkuu, hapo unampoteza. Pell ni ya mtu ambaye hana digrii ya kwanza, na digrii ya UDSM au ya Nairobi inahesabiwa hivyo hivyo kama ya hapa. Akisema hana, atakuwa amedanganya kwenye fomu ya serikali. Hata koleji hataipata. Anachostahili ni mkopo wa serikali, nao una kikomo: kwa mtu anayejitegemea na yuko ngazi ya mwaka wa tatu kwenda juu ni dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, jumla ya maisha yote 57,500. Sasa dada, chukua 60,000 utoe hapo. Kinachobaki utakijaza kwa mkopo wa benki, wenye riba ya benki, na mara nyingi watataka mtu wa kukudhamini. Chuo binafsi hawatakueleza hivyo, watakwambia "msaada wa fedha unapatikana".

Ila kuna kitu kimoja ungekitazama: Nurse Corps, ufadhili wa HRSA (idara ya afya ya serikali kuu). Wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa. Wanalipa ada na posho ya kila mwezi, ukimaliza unatumikia angalau miaka miwili kwenye hospitali au kliniki yenye upungufu wa manesi. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, lakini kuomba hulipi kitu.

Dogo_Dallas
Sawa mkuu, kuhusu Pell nimeelewa. Lakini mbona kuna jamaa ana digrii ya Kenya na aliipata?

Kibosho_TX
Basi aombe Mungu wasimkague.

MamaSalma
Dada yangu wa Temeke, soma hii yote kabla ya Ijumaa.

Mimi nilisoma ABSN ya miezi 12 kwenye chuo binafsi, jimbo jingine, sitakitaja. Kwenye tovuti yao walikuwa wameandika kwa herufi kubwa kwamba wanafunzi wao wanafaulu NCLEX zaidi ya asilimia 90 mara ya kwanza. Hawakudanganya, namba hiyo hata kwenye tovuti ya bodi ya unesi ya jimbo ipo. Shida ni jinsi inavyopatikana.

Tulianza darasa limejaa. Alama ya kufaulu ilikuwa 78, na 77.9 ni 77.9, hakuna kupandishiwa. Kazi za nyumbani hazikuokoi, wastani wa mitihani peke yake ndio unaohesabika. Ukianguka somo moja unarudishwa kundi la nyuma na unalilipia tena, ukianguka la pili unaondolewa, na ada haikusubiri. Muhula wa pili, famakolojia na magonjwa ya watu wazima vilikuja pamoja, wenzangu wakaanza kupungua. Dada mmoja wa Kisomali, akili kali kuliko wengi wetu, alitolewa kwa mtihani wa hesabu za dawa kwa sababu pasi mark ilikuwa asilimia 95 na alikosa maswali mawili.

Kwa mafunzo ya wodini walituahidi hospitali za mjini. Hospitali zilipowanyima nafasi walitusambaza miji ya mbali. Nilikuwa natoka nyumbani saa tisa usiku nifike kabla ya makabidhiano ya shifti, jioni naendesha kurudi, kesho yake mtihani. Ukilala kwenye usukani ni juu yako.

Halafu mwisho, masomo yote nimefaulu, wakaweka mtihani wa kutokea, ule wa HESI. Usipofikisha 850 jina lako haliendi bodi, kwa hiyo huwezi kufanya NCLEX. Watu walimaliza kila kitu wakakaa miezi mingi wanarudia huo mtihani huku barua za mkopo zinaingia. Ndipo nilipoelewa asilimia 90 inatoka wapi. Chuo kinapeleka kwenye NCLEX wale tu ambao kina uhakika nao.

Mimi nilivuka, leo niko ICU na kazi naipenda sana. Lakini nina uchungu na wale walioachwa njiani na madeni, hawana leseni, wamerudi kwenye boksi kulipa chuo kilichowafukuza. Kwa hiyo usiulize wangapi wanafaulu NCLEX peke yake. Uliza: kati ya walioanza, wangapi walimaliza kwa wakati? Chuo chenye ithibati ya CCNE au ACEN, wale wakaguzi wa shule za unesi, lazima kiwe na namba hiyo. Wakikuzungusha, jibu umeshalipata.

BintiWaTemeke
Mama Salma asante sana. Mkurugenzi wa udahili alinipa hiyo ya NCLEX tu. Ya waliomaliza sikuambiwa.

Lowell_254
Pole Mama Salma, lakini hicho ni chuo kimoja. Mimi ABSN yangu ilikuwa ya chuo cha serikali na tulimaliza karibu wote. Tatizo ni biashara, programu yenyewe ni nzuri. Saint Louis University wameifanya tangu 1971, na vyuo vyenye heshima vipo tele.

Kibosho_TX
Hapo nakubaliana na Lowell kwa mara ya kwanza. Na kwa Texas, bodi inataka angalau asilimia 80 wafaulu mara ya kwanza. Chuo kikishuka kinaandikiwa onyo na kinaweza kuwekwa chini ya masharti, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya bodi. Tazama miaka kadhaa, usitazame mwaka mmoja.

Dogo_Dallas
Mimi naona mnamtisha. Kuna jamaa aliniambia zipo shule Florida, unalipa, husumbuliwi na wodi wala nini, unapewa cheti unakwenda kufanya NCLEX yako.

MamaSalma
Dogo, futa hiyo kauli kabla mtu hajaifuata! Januari 2023 wizara ya sheria ilitangaza kesi ya hao hao wa Florida, wameiita Operation Nightingale. Vyeti zaidi ya 7,600 vya kununua. Waliouza walishtakiwa, na bodi za majimbo zikaanza kuwasaka wenye vyeti mmoja mmoja na kuwanyang'anya leseni. Fikiria nesi hajawahi kushika mgonjwa akisimamiwa, halafu anapewa dripu ya mama yako.

NesiWaUsiku
Nimsaidie mleta uzi kwenye kusoma, maana njia yoyote atakayoshika mitihani ni ileile. Hesabu za dawa anza sasa hivi, ukiwa bado CNA. Mfano: daktari kaandika heparini yuniti 1,200 kwa saa, mfuko una yuniti 25,000 ndani ya mililita 250. Kwanza jua mililita moja ina ngapi: 100. Kisha 1,200 gawa kwa 100, pampu unaiweka mililita 12 kwa saa. Fanya kila siku mpaka mkono uzoee, usisubiri wiki ya mtihani.

La pili, maswali ya "utamwona nani kwanza". Sisi tuliosoma nyumbani tumezoea kukariri, na huko kukariri hakufiki mbali. Wanakupa wagonjwa wanne. Mmoja ana kisukari, sukari 210 kwa kipimo cha hapa (mg/dL). Mmoja ametoka upasuaji jana anapiga kelele ya maumivu. Mmoja anasubiri kuruhusiwa na amekasirika. Wa nne ana pumu, alikuwa anatoa mluzi kifuani tangu asubuhi, sasa mluzi umekata na ametulia. Wengi wanakimbilia anayelia. Jibu ni yule aliyetulia, maana kifua cha pumu kikinyamaza ghafla hewa haipiti tena. Tangu Aprili 2023 mtihani umekuwa wa mtindo huo zaidi, wanakupa faili zima la mgonjwa na unafuata hali yake hatua kwa hatua.

BintiWaTemeke
Hilo la pumu limenigusa, tuna bibi mmoja kazini ana shida hiyo. Na kufanya kazi huku unasoma ABSN inawezekana? Hata shifti mbili za wikiendi?

Lowell_254
Wengine wanafanya. Usiku wa Jumamosi kwenye nyumba ya walemavu, wakilala unafungua kitabu.

MamaSalma
Na mtoto wa miaka mitatu, mume barabarani? Usijaribu. Akiugua mtoto siku ya wodi, siku uliyokosa lazima uilipe, na vyuo vingine haviruhusu kukosa zaidi ya moja. Kaa na mume wako muongee viza ya mama mkwe inaisha lini kabla hamjaongea ada.

NesiWaUsiku
Ndiyo maana nasema koleji. Zipo zenye madarasa ya jioni na wikiendi.

Lowell_254
Kaka, koleji nzuri nazo zina foleni. Anaweza kungoja mwaka mzima nafasi ya ADN. Hapo ile "miaka miwili" yako imeshakuwa mitatu.

Dodoma_RN
Samahani kuingilia wakuu. Mimi ni nesi wa diploma hapa nyumbani, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Je, nami nikija niingie hiyo ABSN?

Kibosho_TX
Wewe tayari ni muuguzi, usianze upya. Wako ni utaratibu wa kutathminiwa vyeti na CGFNS (siku hizi wanaitwa TruMerit), kisha bodi ya jimbo, mtihani wa Kiingereza na NCLEX. Fungua uzi wako tutakujibu vizuri. Nakupa moja tu la mapema: ukifika utapimwa kifua kikuu, na kwa sisi tuliochanjwa BCG kile kipimo cha kuchoma ngozi ya mkono kinaweza kuvimba bila wewe kuumwa. Omba cha damu, BCG haikichanganyi.

Dodoma_RN
Shukrani mkuu. Transkripti ya chuo wanapokea nikiituma mwenyewe, au lazima itoke chuoni moja kwa moja?

Kibosho_TX
Itoke chuoni. Na anza leo, hapo ndipo watu wengi wanakwama.

BintiWaTemeke
Wakuu, Jumatatu nawapigia chuo binafsi niulize walioanza na waliomaliza, mtihani wa kutokea upo au haupo, na wodi zao ziko hospitali zipi kwa majina. Na pesa ya kushika nafasi kama inarudishwa nikishindwa maikrobayolojia. Maombi ya chuo cha serikali nitaandaa hata hivyo.

MamaSalma
Majibu yao waambie wakuandikie kwa barua pepe. Ya simu hayana ushahidi.

Dogo_Dallas
Hivi maikrobayolojia ya mtandaoni yenye maabara ya nyumbani, vyuo vya Houston wanaikubali?

NesiWaUsiku
Koleji niliyosoma waliikubali.

Lowell_254
Huku kwetu waliikataa. Piga simu kila chuo kabla hujalipia.